Amri ya dharura kwenye sacco: ije ghafla, lakini iwe na tarehe na sababu

Mwangalizi_Amu (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum jamaa wa Amu, Pate, Mokowe mpaka Malindi. Tangu ile karatasi ibandikwe mlangoni, makundi ya WhatsApp yamejaa sauti za watu, kila mmoja na lake, na mengine yanayosemwa yatawatia watu hasara kuliko hiyo amri yenyewe. Nimeona heri nifungue uzi, maneno yakae yaandikwe, mtu asome kwa nafasi yake na aulize.

Sitataja chama wala ofisi iliyotoa amri. Wanachama wanajijua. Ilivyo ni kwamba chama cha akiba na mikopo (sacco) hapa kisiwani kimepewa amri ya dharura: bodi imewekwa kando, mikopo mipya imesimama, na kutoa akiba kumesitishwa. Karatasi ni ukurasa mmoja wa Kiingereza, umepakwa gundi kwenye mbao za mlango, kona moja tayari imebanduka. Akina mama waliokuwa barazani waliniomba niwasomee. Nilipomaliza wakauliza swali moja tu: mpaka lini? Karatasi haisemi. Inasema mpaka itakapotangazwa tena.

Nimekaa miaka kwenye kamati ya uangalizi ya sacco ya wafanyakazi, kwa hivyo msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mdhibiti, yaani ofisi ya serikali inayosimamia sacco, kuingia ghafla, mimi naunga mkono. Kinachonikera, na nitakisema popote nitakaposikilizwa, ni amri isiyo na tarehe, isiyo na sababu na isiyosomeka na wenye pesa.

Kwanza tuelewe kwa nini ije ghafla. Pesa zenu hazikai sandukuni. Zimekopeshwa kwa wenzenu, ndiyo kazi ya sacco. Kanuni za mwaka 2010 zinaitaka sacco inayopokea amana iwe na ukwasi usiopungua asilimia 15 ya akiba na madeni yake ya muda mfupi. Yaani katika kila shilingi 100 mnayoidai, kiwango cha chini kinachotakiwa kuwa karibu na mkono ni kama shilingi 15. Sacco nzuri kabisa, isiyoibiwa hata senti, haiwezi kuwalipa wote siku moja.

Sasa chukulia mdhibiti atoe ilani ya wiki mbili: "tutaingia tarehe fulani kukagua." Nani atawahi? Mtu wa Langoni anafika kaunta kwa miguu kabla chai haijapoa. Jamaa za karani watawahi. Mjumbe wa bodi ameshatoa zake tangu jana usiku. Wa Faza, wa Kiunga, wa Ndau atasikia kesho yake, angoje boti, angoje maji yajae, akifika akute dirisha limefungwa na hakuna kilichobaki. Amri ya ghafla inamlinda yule aliye mbali na kaunta. Hilo silioni likisemwa, na kwa watu wa visiwa kama sisi ndilo la kwanza.

BintiLangoni

Mwangalizi, nimekusoma na nimeudhika kidogo. Mimi ni huyo wa Langoni unayemsema. Nauza vitambaa na dera, pesa yangu inazunguka: naweka, natoa, nanunua mzigo Mombasa, nauza, naweka. Sina hila yoyote. Sasa mzigo umekwama na muuzaji ananipigia simu kila siku. Unaniambia amri inamlinda mtu wa Kiunga. Mimi ananilinda nani?

Mwangalizi_Amu

Dada, una haki ya kuudhika. Amri inakulinda pia, kwa sababu bila hiyo ungeshindana na wanaojua siri za ofisi, na hao ungeshindwa nao hata kama duka lako limegusana ukuta na sacco. Ila kukulinda hakutoshi ukiwa huwezi kula. Ndiyo maana nasema ghafla ni sawa, lakini siku zinazofuata zina masharti yake, na moja ni kiwango kidogo cha kutoa, sawa kwa wote, mapema.

Halijawahi kuwa jambo la ajabu Kenya hii. Chase Bank iliwekwa chini ya urasimu, yaani ikakabidhiwa msimamizi wa muda, tarehe 7 Aprili 2016, ikafunguliwa tena tarehe 27 mwezi huohuo kupitia KCB, wateja wakaruhusiwa kutoa mpaka shilingi milioni 1. Imperial Bank ilifungwa Oktoba 2015, na wenye amana wakaanza kulipwa mpaka milioni 1 mwezi wa Desemba. Huo ni ulimwengu wa mabenki, sheria yake nyingine, lakini somo linatufaa: unaweza kufunga lango kuu na ukaacha mlango mdogo wazi. Wenye akiba ndogo ndio wengi, na kuwaruhusu kidogo hakubomoi chama.

Jarife_Kizingitini

Mimi nasema kwa niaba ya wavuvi. Mnazungumza wiki, mnazungumza miezi. Tazameni kalenda ya bahari. Kaskazi tunavua, tunaweka. Kusi likiingia, bahari inachafuka, mashua ndogo hazitoki nje ya mwamba, na tunakula kile tulichoweka. Akiba ya kaskazi ndiyo chakula cha kusi. Ukinifungia akiba mwezi wa Juni, hujanisimamishia biashara, umenisimamishia chungu jikoni. Ukinifungia Disemba nitasubiri, nitaingia baharini.

Aliyeandika ile karatasi hajui haya. Na sisi neno "subirini" tunalijua. Mahakama Kuu Malindi iliamua mwaka 2018 wavuvi wapatao 4,600 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya bandari ya Lamu. Wazee wangapi wameondoka duniani huku bado tunaambiwa makaratasi yanashughulikiwa? Kwa hivyo mtu akiniambia "mpaka itakapotangazwa tena," mimi nasikia miaka.

Mwangalizi_Amu

Jarife, hapo umenipa hoja ambayo sikuwa nayo, na nitaiweka kwenye barua ambayo nataka tuiandike pamoja. Msimu lazima utajwe. Ofisi iliyo mbali haitaujua mpaka iambiwe.

Mwalimu_Mokowe

Swali langu la moja kwa moja. Makato yangu yanatoka kwenye mshahara kabla sijaushika. Mwezi huu slipu inaonyesha makato ya akiba na ya mkopo yameenda kama kawaida. Yaani pesa yangu inaingia mahali ambapo siwezi kuitoa. Wenzangu shuleni wanasema tuandike barua kwa mwajiri makato yasimame yote. Mwalimu mmoja tayari ameandika. Tufanye hivyo?

Mwangalizi_Amu

Mwalimu, nakuomba sana, na uwaambie wenzako: msisimamishe marejesho ya mkopo. Hapa ndipo watu watakapoumia.

Mkopo ni deni lako hata bodi nzima ikiwekwa kando. Haukufutwa na amri. Ukiacha kulipa riba inaendelea, na baada ya muda wanaofuatwa ni wadhamini wako. Wadhamini wako ni akina nani? Ni walimu wenzako wa shule hiyohiyo. Akiba yao inashikwa kwa deni lako wakati nao hawawezi kuitoa. Nimewahi kuona urafiki wa miaka ukivunjika kwa fomu moja ya udhamini.

Kuna la pili. Marejesho ndiyo damu ya chama wakati kimefungwa. Aliyewekwa kukishika hana pesa nyingine ya kuwalipa nyinyi siku dirisha likifunguliwa, ila ile inayorudi kutoka kwa wakopaji. Kila mkopaji anayeacha kulipa anausogeza mbele ule mlango mdogo niliousema.

Makato ya akiba mpya ni jambo jingine, na ni haki yenu kuuliza yanaenda wapi: yanawekwa kwenye akaunti ya peke yake au yanachanganywa na ya zamani? Ulizeni kwa maandishi. Na mwajiri akikata lazima afikishe. Sheria ya Vyama vya Ushirika, kifungu cha 35, inambana mwajiri anayekata pesa za wanachama asizipeleke. Tunzeni slipu zote. Usitegemee simu, simu hupotea baharini. Chapisha.

Karani_Malindi

Nimefuata uzi huu kwa makini, niruhusuni nami. Nafanya kazi kaunta ya sacco hapa Malindi, si hiyo inayozungumzwa. Mwangalizi anasema kweli kuhusu kasi, na watu wa nje hawajui ni kasi gani. Asubuhi tunaagiza noti kutoka benki kulingana na siku ilivyo: mwisho wa mwezi nyingi, katikati kidogo. Uvumi ukitoka saa mbili, saa nne foleni imeshuka ngazi na kufika barabarani kwenye tuktuk. Aliyezoea kutoa shilingi 2,000 anataka zote. Noti zikiisha ukamwambia mtu mmoja tu "ngoja kidogo tunaleta," basi, hilo neno linatoka nje likiwa "pesa zimekwisha." Baada ya hapo hakuna maelezo yanayosikika. Kwa hivyo mdhibiti akiingia kimya, mimi namshukuru.

Ila hapa kwenye tarehe sikubaliani nawe, kaka. Huwezi kumtaka mtu aseme atafungua lini kabla hajafungua vitabu. Akifika anakuta daftari mbili, kompyuta haifunguki, meneja amezima simu. Akiandika "siku 30" na siku 30 zikaisha hajamaliza, watu watavunja mlango. Kule Ayalandi, chama cha Newbridge kiliwekewa meneja maalumu Januari 2012, kikahamishiwa benki ya Permanent TSB Novemba 2013. Karibu miaka miwili, na hiyo ni nchi yenye kila kitu. Tarehe ya uongo ni mbaya kuliko kukosa tarehe.

Mwangalizi_Amu

Hoja nzito, Karani, na nafurahi imetoka kwa mtu wa kaunta. Lakini tutofautishe tarehe mbili. Tarehe ya kufungua, nakubali, hawezi kuijua. Ninayoidai mimi ni tarehe ya kurudi kusema: "tarehe fulani nitabandika taarifa nyingine hapa mlangoni, hata kama sijamaliza." Hiyo anaijua, kwa sababu ni ya kwake mwenyewe kuiweka. Na ninadai tarehe ya kusikilizwa.

Marekani wana utaratibu ambao naupenda kwa jambo hili moja. Mdhibiti wa vyama vyao vya mikopo, NCUA, akiona hatari anaweza kutwaa chama bila kumwarifu mtu kwanza. Anaingia, anashika funguo. Lakini sheria ileile inakipa chama siku 10 kwenda mahakamani kutaka amri iondolewe. Amri kwanza, kusikilizwa baadaye, lakini hiyo baadaye imehesabiwa kwa siku. Hakuna aliyelazimika kuahidi kufungua. Walioumizwa wanajua mlango wa kulalamika uko wapi na unafungwa lini.

Sisi nasi tuna chetu, na watu hawakitumii. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya hatua ya kiutawala iliyo ya haraka, halali na ya haki, na anayeathirika apewe sababu kwa maandishi. Mwaka 2015 Bunge likatunga sheria ya kutekeleza hilo. Humo kuna jambo lenye meno: ukiomba sababu kwa maandishi na ofisi isikupe, basi katika kesi ya kupinga uamuzi, mahakama itauchukulia uamuzi huo kuwa ulitolewa bila sababu nzuri mpaka ithibitishwe vinginevyo. Lakini lazima uombe. Kulalamika barazani hakuhesabiwi.

MzeeWaShela

Vijana, mnasema vizuri. Mimi nauliza jambo la kizamani: pesa zenyewe zimekwenda wapi? Maana amri haiji bure. Na ile habari ya muungano wa sacco, KUSCCO, ina uhusiano na haya yetu?

Mwangalizi_Amu

Mzee, shikamoo. Kwa chama hiki sijui na sitabahatisha, ndiyo maana nataka sababu ziandikwe. Lakini KUSCCO inafaa tuieleze, kwa sababu inaonyesha amri ikichelewa inakuwaje.

KUSCCO ni muungano wa sacco za Kenya. Kazi yake ya asili ilikuwa kuzisemea sacco, kuzifunza, kuziuzia huduma. Lakini ikawa pia inapokea akiba za sacco, kwa faida nzuri kuliko kwingine, na ikawa inakopesha. Sasa angalia pengo: SASRA, mamlaka inayosimamia sacco kwa Sheria ya mwaka 2008, haikuwa na muungano huo chini yake. Sacco ndogo inabanwa kwa mtaji na ukwasi, na palepale inaruhusiwa kupeleka pesa za wanachama mahali ambapo mkono huo haufiki. Mwaka 2024 serikali ikaiondoa bodi, wakaguzi wa PwC wakaingia, na ripoti yao ikataja upotevu wa takriban shilingi bilioni 13.3. Iliripotiwa hata hesabu zilizotiwa saini ya mkaguzi ambaye alikuwa ameshafariki. Sacco zilizoweka huko zikalazimika kutenga fedha za kufidia hasara, na mwanachama wa kawaida akaiona kwenye gawio.

Marekani walipatwa na kitu cha sura hiyohiyo. U.S. Central ilikuwa mahali ambapo vyama vikubwa viliweka pesa za vyama vidogo, benki ya benki zao. Ikazinunulia dhamana zilizofungamana na mikopo ya nyumba, na nyumba zikaanguka bei. Ijumaa tarehe 20 Machi 2009, NCUA ikaitwaa pamoja na WesCorp ya California. Wanachama wa chini hawakukimbilia kaunta. Kwa nini? Kwa sababu Januari ya mwaka huohuo NCUA ilikuwa imeshatangaza kuzidhamini amana za vyama hivyo vikubwa, na mwanachama mmojammoja tayari alikuwa na bima mpaka dola 250,000. Gharama ikagawanywa kwa vyama vyote nchini kwa miaka iliyofuata. Si kwamba hasara haikuwepo. Ilikuwepo, tena kubwa, lakini mtu alijua anasimama wapi.

BintiLangoni

Na sisi bima yetu iko wapi?

Mwangalizi_Amu

Hapo ndipo ninapoumia, dada. Ukiweka benki, KDIC, shirika la bima ya amana, inakulinda mpaka shilingi 500,000. Kwa sacco, Sheria ya mwaka 2008 iliweka mfuko wa kudhamini amana, mpaka shilingi 100,000 kwa kila mwanachama. Umeandikwa kwenye sheria tangu wakati huo, na kashfa ya KUSCCO ilipolipuka mfuko huo ulikuwa haujaanza kazi. Kwa mtu mwenye akiba ya 60,000, mfuko huo ungekuwa unammalizia shida yote. Asingekuwa na sababu ya kukimbia foleni, na amri ya dharura isingekuwa na uchungu huu. Mbunge yeyote anayekuja kuomba kura huku visiwani na aulizwe hili kabla ya barabara.

Jarife_Kizingitini

Kabla ya barabara hapana, Mwangalizi. Pamoja na barabara.

AminaSiyu

Samahani naingilia. Sisi tuna chama cha akiba kisichotoza riba, cha akina mama. Hizi amri zinatuhusu? Au ni za hao wenye riba tu?

Mwangalizi_Amu

Zinawahusu, mama. Kutotoza riba hakukutoi kwenye sheria, mmesajiliwa kama ushirika. Kinachobadilika ni nani yuko juu yenu. Sacco yenye kaunta ya kuweka na kutoa kama benki iko chini ya SASRA, na inatakiwa mtaji wa msingi usiopungua shilingi milioni 10. Isiyo na kaunta hiyo lakini amana zake zimezidi shilingi milioni 100 nayo imeingizwa chini ya SASRA kwa kanuni za mwaka 2020. Ndogo kuliko hapo, kama yenu, iko kwa Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika, na aliye karibu nanyi ni afisa wa ushirika wa kaunti, maana vyama vya ushirika viligatuliwa kwa Katiba ya 2010. Chama cha mzunguko kisichosajiliwa kama ushirika hakimo humu kabisa.

Karani_Malindi

Niongeze kwa AminaSiyu: hakikisheni kila anayeweka anapewa risiti na jina lake kamili. Vyama vya akina mama vingi vinaandika kwenye daftari moja analoshika mtu mmoja. Akija mkaguzi, au mwenye daftari akapatwa na ajali, hamna cha kuonyesha.

Na kwa wenye sacco hii iliyofungwa: kitabu cha akiba kipigwe picha kila ukurasa, na ujumbe wote wa M-Pesa wa kuweka pesa utolewe stetimenti. Anayeshika chama kwa muda atalinganisha vitabu na madai ya watu. Mwenye ushahidi wake mkononi anamaliza kwa siku moja. Asiye nao anaitwa na kurudishwa. Na kutoka Kizingitini, kuitwa na kurudishwa ni nauli.

Mwalimu_Mokowe

Shukrani Karani. Mwangalizi, umesema tuombe sababu. Na tukitaka uchunguzi wa nani kala nini?

Mwangalizi_Amu

Iko njia. Kifungu cha 58 cha Sheria ya Vyama vya Ushirika: Kamishna anaweza kuanzisha uchunguzi kwa hiari yake, na analazimika kuufanya ukiombwa na angalau theluthi moja ya wanachama waliohudhuria na kupiga kura katika mkutano uliotangazwa ipasavyo. Angalia maneno hayo: waliohudhuria, wala si theluthi ya wanachama wote. Watu wengi huacha wakidhani lazima wakusanye maelfu ya saini. Lakini mkutano lazima utangazwe sawasawa, la sivyo wakili wa bodi ataubomoa kwa dakika kumi.

Uchunguzi ukionyesha mtu alitumia vibaya mali ya chama, kifungu cha 73 kinampa Kamishna nguvu ya kumwamuru alipe kutoka mfukoni mwake, na riba juu. Naye ana siku 30 za kukata rufaa kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ushirika. Tunataka haki, kwa hivyo nao wapewe nafasi yao ya kusema. Nawasihi msianze kutaja majina ya wajumbe wa bodi kwenye uzi huu wala WhatsApp. Watoto wao wanasoma na watoto wetu. Bodi kuwekwa kando bado haijawa hukumu.

MzeeWaShela

Hilo la majina umesema vyema. Mji wetu ni mdogo.

Mwangalizi_Amu

Sasa barua. Nimeiandika fupi kusudi ijibike. Someni, msahihishe.

"Kwa afisa aliyetia saini amri iliyobandikwa kwenye ofisi ya chama chetu. Sisi wanachama tuliotia saini hapa chini hatuombi amri iondolewe leo. Kwa kufuata Kifungu cha 47 cha Katiba na sheria ya mwaka 2015 iliyotokana nacho, tunaomba kwa maandishi: sababu za amri hii na kifungu cha sheria kilichotumika; cheo cha anayeshika chama kwa sasa na mahali anapopatikana hapa Lamu; tarehe ambayo tutapewa taarifa ya kwanza, hata kama kazi haijakamilika; kiasi ambacho kila mwanachama ataruhusiwa kutoa kwa matibabu, karo na chakula, kwa kuzingatia kwamba wengi wetu ni wavuvi na katika miezi ya kusi hatuna pato jingine; na akaunti ambayo makato na marejesho yetu yanaingia tangu siku ya amri. Tutaendelea kulipa mikopo yetu. Kwa kuwa Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitambua lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, tunaomba majibu yawe kwa Kiswahili, na yabandikwe Amu, Mokowe, Faza, Kizingitini na Kiunga."

Karani_Malindi

Imekaa vizuri. Nimebadili mawazo kuhusu tarehe ya taarifa, hiyo inawezekana. Ila ondoa "hapa Lamu" kwenye mahali anapopatikana. Akiwa Mombasa atasema hawezi kujibu. Weka "mahali anapopatikana na namba ya simu ya ofisi."

Mwangalizi_Amu

Nakubali, nimebadilisha.

Jarife_Kizingitini

Mimi nitachukua saini za Kizingitini na Mbwajumwali. Wazee wasiojua kuandika watie dole gumba?

Mwangalizi_Amu

Watie dole gumba, na pembeni mtu mmoja anayeandika aweke jina lake kama shahidi. Kila mmoja namba yake ya uanachama, hiyo ndiyo muhimu. Mtu asiye mwanachama asitie saini hata kama ni mume au mtoto wa mwanachama.

BintiLangoni

Mimi nitachapisha, na Langoni na Mkomani niachieni. Nakala ngapi?

Mwangalizi_Amu

Tatu. Moja kwa ofisi iliyotoa amri, moja kwa afisa wa ushirika wa kaunti, na ya tatu wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, ubaki nayo wewe. Wakikataa kugonga muhuri, itume kwa posta ya rejista ujaze na anwani ya kurudi, risiti ya posta utaiambatisha kwenye nakala yako.